Lijoka Linalofuata Maji Matamu

Newala hakuna bahari, na Masasi hakuna bahari, lakini watu wa pande hizo mbili wamepigana vita vya majini miaka nenda miaka rudi. Bahari yao ni shuka la buluu, la kitanda kikubwa, lililotandikwa juu ya meza mbili za useremala katika karakana ya Fundi Anselmo, Newala mjini. Meli kazichonga Anselmo mwenyewe kwa mabaki ya mbao. Mabaharia ni vizibo vya soda vinavyopangwa kando ya kila meli, bahati ni dadu, na umbali hupimwa kwa kamba ya katani. Anayetaka kucheka na acheke sasa amalize, kwa sababu huko mbele hamna la kuchekesha.

Mchezo huo una kanuni moja ambayo mtu wa pwani akiisikia huguna. Kila upande lazima uwe na meli ya maji, yaani meli isiyopigana, iliyobeba maji matamu ya kunywa. Meli nyingine yoyote ikienda mbali nayo kupita urefu wa kamba, kila zamu hupoteza kizibo kimoja kwa kiu. Waliotunga mchezo ni watu wa juu, waliolelewa na mama waliokuwa wakishuka bondeni na ndoo na kupanda nazo mlima jua likiwaka. Kwao safari ni maji kwanza, mengine baadaye. Kanuni ile hawakuijadili hata kidogo.

Ndiyo maana nahodha wa Newala, Mzee Alfredi wa kijiji cha Mnyambe, alicheza namna moja maisha yake yote. Aliweka meli ya maji katikati na kuzizungushia nyingine zote, zimebanana, akasogea polepole hivyo hivyo mpaka adui achoke. Masasi walicheza kinyume chake. Walitawanyika kama vifaranga, waliiacha meli yao ya maji ijitegemee, wakakubali kiu. Na mara nyingi walipigwa.

Nahodha wa Masasi alikuwa Mwalimu Dorothy, anayefundisha jiografia sekondari. Baba yake alifundisha shule ya Chidya zamani, na sifa ya nyumba yao ilikuwa ukweli. Husemwa kwamba mzee yule aliwasahihishia wanawe mitihani kwa ukali kuliko watoto wa watu. Kwa sifa hiyo, pande zote mbili zilimkabidhi Dorothy kazi ya kutunza kanuni. Adui alikuwa yeye, mwamuzi alikuwa yeye, na Newala hawakuona tatizo lolote. Nawaambia, mtu akiaminiwa namna hiyo inabidi awe anajichungulia moyoni kila asubuhi, na Dorothy hakuwa na desturi hiyo.

Mambo yalianzia kwenye mchezo wa Pasaka. Siku hiyo Dorothy alikuja na mgeni, mkuu mpya wa shule yake, aliyetaka kuona huo mchezo unaozungumzwa. Mzee Alfredi aliizamisha meli ya maji ya Masasi mapema, akaiinua kwa vidole viwili mbele ya watu.

"Mwalimu wa jiografia," alisema, "bahari ya shuka imekushinda. Hiyo ya chumvi unawafundishaje watoto wa watu?"

Karakana nzima ilicheka. Bernard, mdogo wake Dorothy, alicheka mpaka akashika meza. Dorothy naye alicheka, maana ulikuwa utani, na watu wa juu, Newala, na wa bondeni, Masasi, hutaniana kila wakionana. Yeye mwenyewe alishamwambia Alfredi kwamba Newala mtu huoga kwa kikombe na kinachobaki anamwachia mke. Lakini Jumatatu mkuu wa shule aliyarudia maneno yale ofisini kwa walimu. Kufikia Ijumaa wanafunzi walikuwa na jina jipya. Akipita varandani alisikia kwa nyuma, "Madamu Shuka, Madamu Shuka." Alifundisha muhula mzima na jina hilo mgongoni. Dorothy hakumchukia mkuu wa shule, wala wanafunzi hakuwachukia. Aliyemchukia ni mzee wa watu kule Mnyambe, ambaye alishasahau hata alichosema. Mzaha mzaha hutunga usaha.

Pande zote mbili zilishaanza kuchoshwa na mchezo unaokwenda njia moja, wakakubaliana kwamba kwenye Nane Nane baharini aingie mnyama. Masharti yalikuwa mawili. Mnyama asiwe wa upande wowote. Na asiingie kabla hajajaribiwa kwa kucheza namna ya Newala na namna ya Masasi, mpaka ionekane wote wanaumia sawa. Kazi hiyo nayo alipewa Dorothy.

Alimtunga mnyama mzuri, hilo tumpe haki yake. Alimwita Lijoka, kama bibi yake Myao alivyoliita joka kubwa la kwenye hadithi. Lijoka linaibuka katikati ya shuka. Kila zamu linasogea kuelekea meli ya maji iliyo karibu, kwa kuwa baharini kote ni chumvi na lenyewe lina kiu kama mtu. Likifika, linarushiwa dadu kwa kila meli iliyo ndani ya shibiri moja, na dadu ikiangukia nne, tano au sita, meli hiyo imezama. Kanuni fupi, ya kueleweka, na haimtaji mtu. Kila upande una meli ya maji, kwa hiyo kila upande una cha kuogopa.

Walilijaribu mezani kwake, Masasi, yeye na Bernard, Jumamosi mchana. Dorothy alicheza ya Newala, Bernard akacheza ya kwao. Lijoka likaifuata meli ya maji ya Newala, likakuta meli zote zimebanana pale, likazimaliza. Wakarudia. Likazimaliza tena. Kwa Bernard lilikuta meli ya maji peke yake, likaimeza, basi. Zilizobaki zilivumilia kiu na kushinda.

"Hili dude linawajua Newala kwa majina," Bernard alisema.

Dorothy aliona kosa palepale, na dawa aliiona palepale. Aliongeza mstari mmoja: Lijoka likishazamisha meli moja limeshiba, linazama na kulala mpaka zamu tatu zipite. Wakacheza tena na tena. Safari hii Newala walishinda, Masasi wakashinda, Newala, Masasi. Mnyama alikuwa amekaa sawa. Bernard akaenda zake akijua kazi imekwisha.

Alipobaki peke yake mezani, Dorothy alizitazama meli za Newala zilizobanana, akamwona Alfredi ameinua vidole viwili. Akaufuta ule mstari. Hakujiambia kwamba anafanya uovu. Alijiambia kanuni ni nzuri zaidi ikiwa fupi.

Anselmo alipopiga simu aliuliza swali moja tu. "Mwalimu, umelijaribu pande zote mbili?"

"Nimelijaribu, Fundi. Liko sawa."

Basi Nane Nane ikafika, watu wakajaa karakana. Alfredi alipanga meli zake kama siku zote, na Lijoka likaibuka. Lilipoifikia meli ya maji na kuzamisha meli mbili, mzee alimwomba Anselmo amsomee kanuni upya. Akasomewa. Zamu iliyofuata akaomba tena. Alikuwa anasugua paji la uso kwa kiganja, anaanza kusogeza meli, anairudisha. Watu walianza kunong'ona, maana Alfredi hajulikani kwa kusitasita. Mwisho alibaki na meli ya maji na nyingine moja, akazifunika zote mbili kwa kiganja kana kwamba kuna baridi.

"Sioni pa kutokea," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyepotea nyumbani kwake.

Bernard alimwinamia dada yake. "Ule mstari wa kulala uko wapi?"

"Niliutoa."

Bernard alimtazama kidogo, kisha akaendelea kucheza, kwa sababu walikuwa wanashinda. Mzee alipoinuka alimpa Dorothy mkono wa pongezi. "Kanuni ni moja kwa wote," aliwaambia watu wake walioanza kulalamika. "Mwalimu hawezi kutuwekea mtego. Aliyeshindwa ni mimi."

Ushindi ule ulikuwa mtamu mpaka basi lilipomaliza kuteremka mlima. Baada ya hapo Dorothy alijikuta hataki kuzungumza na mtu. Neno "hawezi" lilimkaa kooni wiki nzima. Kanisani Jumapili, walipofika kwenye kuungama, alitamka maneno ya kitabu pamoja na wenzake na kuona kwamba hayamfikii aliyemkosea.

Wiki ya pili Anselmo alipiga simu, sauti imepungua.

"Mwalimu, huku si kwema. Mzee Alfredi ameacha unahodha. Hilo si kitu, watu huacha. Lakini anasema kichwa chake kimekwisha. Unajua mama yake alikufa hawajui wanawe?"

"Sikujua."

"Ndicho anachoogopa siku zote. Sasa anasema imeanza, kwamba alikaa mbele ya kanuni ya mistari minne asiielewe. Amewaita wapwa zake Jumapili hii, baada ya misa, awakabidhi mikorosho yote. Korosho ndizo hizo zinakaribia. Dorika binti yake analia, na wale vijana wanafurahi tu. Wanasema mjomba amejitambua mwenyewe."

Dorothy alikaa chini. Kwa Wamakonde shamba la mjomba huishia kwa watoto wa dada yake, hilo alilijua. Lakini huishia mjomba akiwa amekufa, au akiwa hana akili tena.

"Fundi," aliuliza, "wewe mwenyewe uliliona vipi lile Lijoka?"

"Nitakwambia ukweli. Nililijaribu hapa kabla ya siku yenyewe. Likatupiga kila mara, kila mara. Nikajiambia ninaisoma vibaya, kwa kuwa wewe ulishasema liko sawa. Nikamwambia hata mzee, tukishindwa ni ujinga wetu."

Dorothy alikuwa amedhani amemdanganya mtu mmoja mara moja. Kumbe uongo wake ulikuwa umeshamfanya fundi asiyaamini macho yake, na mzee asiiamini akili yake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka hakukumbuka jina la Madamu Shuka.

Jumapili hakwenda kanisani. Alipanda basi la asubuhi kwenda Newala na kutoka hapo akachukua bodaboda mpaka Mnyambe. Alimkuta Mzee Alfredi amekaa barazani, amevaa shati la misa, na Dorika yuko uani anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, kwa ajili ya wageni.

"Shikamoo, Baba Dorika."

"Marahaba, mwanangu. Mwalimu. Umekuja mwenyewe kunitazama." Alifurahi kweli, na furaha ile ilimchoma Dorothy. "Dorika, mletee mwalimu kiti. Na maji ya kunywa."

Dorothy alipokea bilauri, akanywa, akasubiri Dorika aondoke. Alikuwa amejipangia maneno tangu Masasi, yakamtoka bila mpangilio. Alisema Lijoka lilikuwa na kosa. Alisema kwa kucheza namna ya Newala hakuna mtu duniani ambaye angeshinda, awe kijana, awe profesa. Alisema yeye alilijua kosa hilo kabla ya mchezo akanyamaza.

Alfredi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu na kumpapasa mkono.

"Ahsante, mwanangu. Una roho nzuri. Anselmo ndiye aliyekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, baba. Nasema kweli."

"Najua. Ni kama mgonjwa anavyoambiwa leo amenawiri." Hakuwa na uchungu hata kidogo. "Mama yangu mimi nilimwambia hivyo hivyo. Alikuwa ananiita kwa jina la mjomba wangu, ninamwambia mama hukukosea, tunafanana. Nilimdanganya mpaka akafa, na sijutii. Wewe pia usijute. Lakini mimi nataka nikabidhi shamba wakati bado najua ninamkabidhi nani."

"Baba, ninaweza kukuonyesha. Tandika kitambaa chochote hapa, tucheze."

"Halafu utaniachia nishinde."

Ilikuwa kweli kwamba hana namna ya kuthibitisha. Yeye ndiye aliyekuwa kipimo cha ukweli kwa watu hawa. Kipimo kimepinda, na sasa anakitumia kupima tena. Toka barabarani zilisikika sauti za vijana wakisalimiana na majirani. Wapwa walikuwa wanakuja.

Lilibaki jambo moja ambalo hakuna mtu angelisema kwa huruma, na hilo ndilo alilokuwa amelificha hata kwenye maneno aliyojipangia.

"Baba Dorika," alisema, "sikuja kukufariji. Lile dude sikulikosea. Nililirekebisha siku ileile, mstari mmoja tu, likashiba na kulala, mchezo ukawa sawa. Bernard alikuwepo, muulize. Kisha nikaufuta ule mstari kwa mkono wangu. Niliufuta kwa ajili yako. Ulinicheka Pasaka mbele ya mkuu wangu wa shule, na wanafunzi wakanipa jina. Nikataka siku moja ukae mbele ya watu uonekane mjinga. Na ulipokaa pale unasugua uso, nilikuona, nikafurahi."

Tabasamu la mzee halikuondoka mara moja. Lilipungua polepole, macho yakabaki kwake bila kupepesa.

"Nilikucheka nikisema nini?"

Akamwambia.

"Hayo," Alfredi alisema. "Hayo tu."

"Hayo tu, baba."

"Na mimi ukaniita baba leo, ukanywa maji yangu." Aliitazama bilauri kwenye mkono wa Dorothy. Kisha akasema taratibu, kama anayesoma kanuni mwenyewe, "Likishazamisha moja, lilale. Zamu ngapi?"

"Tatu."

Mzee alifumba macho. Vidole vyake vilianza kusogea juu ya goti, kimoja kimoja, vikiacha nafasi katikati, vikirudi. Alipofumbua macho, yalikuwa na machozi na ukali pamoja.

"Ningetoka," alisema. "Ningeitanguliza meli moja mbovu imezwe, lilale, mimi nipite. Ningetoka."

"Ungetoka, baba."

"Nimelala kitandani wiki mbili ninajijaribu. Ninataja majina ya watoto wa ndugu zangu, gizani, mmoja mmoja, nione ni yupi atakayenitoroka. Ulikuwa unalijua hilo?"

"Sikulijua. Ningelijua..." Akashindwa kumalizia, maana hakuwa na hakika angefanya nini, na uongo mwingine alikuwa hauwezi. "Nisamehe."

Wapwa walishaingia uani, vijana watatu waliovaa vizuri, wa kwanza ameshika mkoba wa karatasi. Waliamkia, wakaitikiwa. Dorothy aliinuka, akaweka bilauri chini, akaanza kuaga kwa sauti ya chini. Alikuwa amefanya alilokuja kufanya, na alitamani kuwa barabarani.

"Kaa," mzee alimwambia.

"Baba, haya ni ya ukoo wenu."

"Hawa wamekuja kuchukua shamba kwa sababu mjomba wao kichwa kimekwisha. Nikiwaambia mimi kwamba hakijaisha watasema ndiyo hayo, ndiyo dalili zenyewe. Wakuamini wewe. Huku wote wanakujua kwa kusema kweli." Akawageukia vijana. "Kabla ya maneno yenu, mwalimu huyu ana lake. Msikilizeni. Dorika, njoo na wewe, acha hayo maviazi."

Dorika alikuja akijifuta mikono kwenye kanga. Watu wanne walimgeukia Dorothy, nyuso za heshima, za kumngoja mwalimu aseme. Hakuna hata mmoja aliyemfikiria vibaya. Alitazama mlango wa ua, akatazama vumbi la miguu yake.

"Naitwa Dorothy," alisema. "Nimetoka Masasi. Mzee alishindwa mchezoni kwa sababu... kulikuwa na kosa kwenye kanuni."

"Siyo hapo," Alfredi alisema. Hakupandisha sauti. "Anzia pale ulipofuta."

Akaanza upya.